Pascalia alikosa msumeno wa kimo chake, akaujenga

Saa mbili kasorobo asubuhi, maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kutoka kwenye mapaa ya Amalemba, mjini Kakamega. Ndani ya karakana ya mabati kando ya barabara ya udongo, Pascalia Osundwa anajifunga kitambaa kichwani, anavaa miwani ya plastiki na kujisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi upande wa kushoto wa meza ya chuma.

Meza yenyewe ni fupi. Mtu aliyesimama inamfika juu kidogo ya magoti. Katikati yake umechomoza msumeno wa mviringo uliofunikwa kwa kofia ya bati, meno yakionekana kwa chini tu.

Pascalia anabana kipande cha mbao ya saiprasi, anahakikisha hakitikisiki, kisha anagusa swichi kwa kiwiko. Mota inanguruma. Anasukuma mpini taratibu, unga wa mbao unamwagika chini ya meza, na kipande kilichokatwa kinaangukia ndani ya karai. Anarudisha mpini, anabana kingine.

"Hii ni miguu ya viti vya watoto," anasema akipaza sauti juu ya mngurumo. "Miguu ya viti haitaki utani. Mmoja ukizidi mwenzake, mtoto anabembea siku nzima darasani, halafu mwalimu anasema ni mtundu."

Anacheka hadi miwani inamshuka puani.

Pascalia, mwenye umri wa miaka 43, alizaliwa Musanda, Mumias Magharibi, katika familia ya mkata miwa. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu. Ilimwachia miguu isiyoweza kumbeba, na mikono ambayo majirani zake wa leo huiomba msaada kila mfuniko wa chupa unapogoma.

Baada ya shule alipelekwa chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu, ambako alipangiwa kusuka vikapu.

"Nilisuka wiki mbili," anakumbuka. "Lakini chumba cha pili kulikuwa na useremala. Kila nikisikia randa ikipita juu ya ubao, mkono wangu unasimama. Mwalimu akaniuliza, 'Wewe, mbona kikapu chako hakikui?' Nikamwambia ukweli. Akanisukuma mwenyewe hadi mlango wa pili."

Hivyo ndivyo alivyokuwa seremala. Aliolewa na Cleophas, mpishi katika shule moja ya bweni mjini, wakapata watoto wawili. Kifungua mimba wao ni Cindy, na ndiyo maana mtaani Pascalia anaitwa Mama Cindy.

Kwa miaka mingi alikata kila kitu kwa msumeno wa mkono: vigoda, rafu za vyombo, vibanda vya kuku. Kazi ikizidi, alilipia mtu wa mkokoteni ampelekee mbao kwenye mashine za kupasulia mbao upande wa pili wa mji. Huko alisubiri, na mara nyingi walioingia baada yake walihudumiwa kabla yake. Vijana wa mashine walikata kwa kukadiria kwa macho.

"Nilikuwa naendanga na vipimo vyangu, narudi na vipimo vyao," anasema.

Mambo yalibadilika Septemba mwaka juzi, Mwalimu Emily alipokuja kutoka Mautuma, eneo la Lugari. Alikuwa anafungua shule ya chekechea mwezi wa Januari na alitaka viti vidogo arobaini na meza kumi. Alikuwa ameona kigoda cha Pascalia nyumbani kwa rafiki yake, akakipenda.

"Nilimwambia nitaweza," Pascalia anasema. "Alipoondoka tu nikajiuliza, utaweza na nini?"

Kiti kimoja kidogo kina vipande kumi na zaidi, na lazima vilingane. Kwa msumeno wa mkono, kiti kimoja kilimchukua siku tatu. Alihitaji mashine yake mwenyewe.

Alikuwa ameweka akiba kwenye chama cha akina mama, kiasi cha kununua ng'ombe mzuri wa maziwa. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambako muuzaji aitwaye George alimtolea misumeno mitatu ya meza. Yote ilikuwa inang'aa, na yote ilikuwa imetengenezewa mtu anayesimama.

"Nilijisukuma mpaka kwa ile ya kwanza. Meza ikanifika kidevuni," anasema. "Nikamuuliza George, 'Kijana wangu, hapa nitakatia mbao ama nitawekea kikombe cha chai?'"

George alicheka, lakini hakumwacha. Alifungua miguu ya mashine moja, akaishusha juu ya kijukwaa kifupi cha mbao, akamwambia ajaribu tena. Kimo sasa kilimfaa. Hata hivyo, tumbo la mashine lilikuwa pana na kiti chake hakikuweza kuingia chini yake. Ili mkono ufike mahali pa kusukumia mbao, ilimbidi ainamishe kifua chake juu ya msumeno.

"Hata George mwenyewe akasema, 'Hapana, Mama. Hii sikuuzii,'" anasimulia. "Namheshimu mpaka leo. Angeweza kuchukua pesa yangu na kunyamaza."

Kutoka hapo alienda moja kwa moja kwa Sifuna, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kibanda chake kiko karibu na soko. Sifuna ni mtu wa maneno mengi na kazi safi. Alikuwa amewahi kumtengenezea Pascalia kiti kile cha magurudumu kutokana na kiti cha ofisi kilichovunjika.

"Alikuja na mchoro ameuchora kwa kipande cha sabuni juu ya bati," Sifuna anasema. "Nikamwambia, 'Mathe, mimi nimeunda mageti, nimeunda vitanda, lakini msumeno sijawahi.' Akaniambia, 'Mimi pia sijawahi. Basi hakuna atakayemcheka mwenzake.'"

Waliipata mota kwa mfugaji mmoja wa Lugari aliyekuwa akiitumia kwenye mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Sifuna alichomelea fremu kwa vyuma vya kitanda cha hospitali kilichokuwa kimeuzwa kama chuma chakavu. Msumeno wenyewe na beringi vilinunuliwa vipya kwa George, kwa sababu hapo Pascalia alikataa kubahatisha.

Meza ilipokamilika ilikuwa ya kimo chake sawasawa. Aliweka kiti mbele ya msumeno, jinsi alivyowaona watu wote wakisimama, akawasha.

Mbao ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili ilipita. Ya tatu ilikuwa bado na ubichi ndani yake. Ilipofika katikati, njia iliyokatwa ikajifunga na kuubana msumeno kwa nyuma. Meno ya nyuma yakaishika mbao, yakaiinua, yakaitupa.

Ilipita kando ya sikio lake, ikatoboa ukuta wa mabati na kutokea nje.

Cleophas, ambaye shule yake ilikuwa imefunga kwa mapumziko mafupi, alikuwa amesimama mlangoni. Aliruka na kung'oa waya ukutani. Kisha jirani yao, Jescah, akaingia akiwa ameibeba ile mbao kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea.

"Mama Cindy," akauliza, "hii mmenitumia mimi ama imekosea nyumba?"

Leo wanacheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Cleophas alifungua ukanda wa mota, akauviringisha na kwenda nao chumbani.

Jioni, wakiwa mezani, obusuma, ugali wa kwao, ukipoa bila kuguswa, walizungumza. Pascalia anayakumbuka maneno yote.

"Mpigie Mwalimu Emily," Cleophas alimwambia. "Mwambie atafute fundi mwingine."

"Na mimi nitafute kazi gani?"

"Ile ile ya zamani. Vigoda, rafu. Si tulikuwa tunakula?"

"Tulikuwa tunakula, Baba Cindy. Sijasema tulilala njaa. Lakini wewe uji ulipokumwagikia mkono ule, uliacha kupika?"

Cleophas ana kovu refu kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja. Aliutazama mkono wake.

"Mimi napikia wanafunzi mia sita," anaeleza mwenyewe, akiwa ameketi kwenye rundo la mbao karakanani. "Sufuria yangu ni kubwa kuliko hiki kiti. Najua kitu kikubwa kikikugeukia kinafanya nini. Lakini mimi nina miguu, naruka. Yeye angeruka na nini? Hiyo ndiyo ilininyima usingizi."

Kwa siku kadhaa mashine ilifunikwa kwa turubai. Pascalia alirudia msumeno wa mkono, akikata miguu ya viti mmoja mmoja, huku akijua hesabu haitatimia kabla ya Januari. Hakumpigia Emily simu.

Kisha, Jumapili moja baada ya kanisa, Cleophas aliingia karakanani akiwa bado na koti lake. Akaondoa turubai. Akamwomba mkewe kitu ambacho hakuwahi kumwomba katika miaka yote ya ndoa.

"Nipishe kwenye kiti chako. Nataka kukaa hapo."

Pascalia alihamia kwenye kigoda. Cleophas alijisukuma hadi mbele ya meza, msumeno ukiwa umezimwa, akachukua ubao na kuuweka kama anayetaka kukata. Akatulia.

"Hii mbao inanitazama kooni," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Mtu aliyesimama ingemtazama tumboni, na angeweza kusimama kando. Wewe umekaa mdomoni mwa bunduki, Mama Cindy."

"Basi sogea kushoto," Pascalia akamwambia. "Sogea tena. Tena kidogo. Sasa inamtazama nani?"

"Inatazama ukuta."

Wakatazamana. Kutoka pale pembeni, mkono wa Cleophas haukuweza kuifikia mbao vizuri. Lakini Pascalia tayari alikuwa anatafuta kipande cha sabuni cha kuchorea.

"Niliona wazi," anasema. "Kufupisha miguu ya meza hakukutosha. Wale wanaosimama husimama mbele. Mimi nilipaswa kukaa pembeni, na mbao isafiri yenyewe mbele ya msumeno, mimi niisukume tu kwa mpini."

Alichora meza nyingine ndogo, itakayoteleza juu ya reli mbili kando ya msumeno. Mbao ingebanwa juu yake kwa kibano, na mkono ungeshika mpini ulio mbali na meno. Kwa kuwa mbao inawekwa juu yake kama chakula, waliipa jina la sinia, na jina hilo limebaki.

Kipande kilichokosekana kililetwa na Beverly, mwalimu wa useremala katika chuo kimoja cha kiufundi mjini. Alikuja kuchukua rafu ya vitabu aliyokuwa ameagiza, akaukuta mchoro juu ya bati, akauchunguza kwa muda mrefu.

"Mzuri sana," akasema. "Lakini kile kibamba cha nyuma ya msumeno kiko wapi?"

"Kibamba gani, Mwalimu?"

Beverly alichukua penseli na kueleza: bamba jembamba la chuma, linalokaa nyuma kabisa ya meno, ndani ya njia ambayo msumeno umeshakata. Mbao ikitaka kujifunga, inalibana bamba badala ya kuubana msumeno. Lisiwe nene kuliko ile njia, la sivyo mbao itakwama.

"Nikakumbuka mashine za George zilikuwa nacho," Pascalia anasema. "Nilikuwa nimedhani ni cha kushikilia kofia tu! Mwalimu akacheka. Kesho yake akaniletea kimoja cha chuoni kwao, tukakinakili."

Sifuna alipoona mchoro mpya, alishika kichwa.

"Mathe, si tulishamaliza hii kitu?"

"Tulimaliza vibaya. Tunaanza upya."

Sifuna alikata bamba kutoka kwa msumeno wa mkono uliokuwa umechakaa, akaunda reli, akatia beringi chini ya sinia hadi ikawa inasukumika kwa kidole kimoja. Swichi waliihamisha ikawa upande wa kushoto, kubwa, mahali ambapo kiwiko cha Pascalia kingeweza kuizima mikono yote miwili ikiwa na kazi.

Ilibaki kujaribu. Cleophas aliingia chumbani, akatoka na ukanda. Aliuvalisha mwenyewe kwenye mota. Lakini alikuwa na sharti: siku hiyo Pascalia hangekaa kwenye kiti.

Badala yake walikalisha gunia la magunzi ya mahindi. Sifuna alilifunga kitambaa cha kichwa, akalivalisha miwani, akaliamkua kwa heshima zote: "Mulembe, Mama Cindy." Jescah alikuja kutazama, safari hii akisimama upande wa barabara.

Pascalia aliwachagulia mbao mbaya kuliko zote alizokuwa nazo, mbichi na iliyojipinda. Cleophas aliifunga kwenye sinia na kuisukuma kwa mti mrefu. Mbao iliingia. Ilipofika katikati ikaanza kujifunga, wote wakaona, ikalibana lile bamba la nyuma. Ikalia kidogo. Ikaendelea. Vipande viwili vikaanguka ndani ya karai.

"Rudia," Cleophas akasema.

Walirudia mpaka mbao mbovu zikaisha. Gunia halikuguswa.

"Hapo ndipo Baba Cindy alikuja akaliondoa lile gunia yeye mwenyewe," Pascalia anasema, na sauti yake inashuka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Akafuta kiti kwa shati lake. Akaniambia, 'Keti, fundi.' Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni Mama Cindy siku zote."

Wiki zilizofuata karakana haikupumzika. Stima ikipotea, jambo la kawaida msimu wa mvua, walipiga msasa na kugonga. Stima ikirudi, msumeno uliendelea. Pascalia alimwajiri Winrose, mama wa mtaani aliyekuwa na mkono mzuri wa kupaka rangi, na bado wako pamoja.

Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, gari la mizigo lilibeba viti arobaini na meza kumi hadi Mautuma. Pascalia alisafiri nalo, akiwa ameketi mbele na dereva.

Emily anakumbuka jinsi alivyopanga viti juu ya sakafu ya saruji na kuanza kuvikagua.

"Nilitikisa cha kwanza, kikakaa imara. Nikatikisa cha pili. Nilipofika cha kumi nikaona aibu, nikaacha," anasema kwa simu. "Siku ya kwanza mtoto mmoja, Mitchel, alikataa kuinuka kwenda nyumbani. Mama yake akabembeleza, wapi! Ikabidi aruhusiwe kwenda kulala na kiti chake nyumbani. Alikirudisha kesho yake amekibeba kichwani."

Tangu hapo maagizo kutoka shule za chekechea hayajakatika. Pascalia anasema sasa hukamilisha viti vinane kwa muda aliokuwa akitengeneza kimoja, na mapato ya karakana yameongezeka karibu mara tatu. Amenunua mashine ya kuranda pia, ingawa hiyo bado wanajadiliana na Sifuna jinsi ya kuishusha.

Si kila kitu kimenyooka. Vumbi humsumbua kifua, na njia ya kuingia karakanani hugeuka tope kila mvua ikinyesha. Wapo wateja ambao bado humsalimia kisha kuuliza fundi yuko wapi.

"Nawaambia fundi ameketi, subirini kidogo," anasema. "Halafu nawasha."

Miezi miwili iliyopita alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Alikuwa Bravin, seremala wa miaka 31 aliyepoteza mguu katika ajali ya trekta la miwa. Alikuwa amesikia habari za msumeno wa Amalemba kwa dereva wa lori la mbao. Vifaa vyake vilikuwa vimekaa ndani ya sanduku tangu alipotoka hospitalini, na alitaka kujua kama mashine ya pili inaweza kuundwa.

Fremu yake tayari imesimama katika kibanda cha Sifuna. Haifanani na ya kwanza. Bravin anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo sinia italazimika kuteleza upande wa pili, na swichi ihame nayo.

"Alitaka nimtumie tu, alipie usafiri," Pascalia anasema. "Nikamkatalia. Nimemwambia aje Jumamosi, na asije mbio mbio. Sitaki akae hapa dakika tano aseme imetosha. Akate, asukume, achoke, ndipo nijue nati za meza zikazwe wapi."

Mpango wake ni mkubwa zaidi ya Bravin. Chumba kinachopakana na karakana yake, kilichokuwa cha kinyozi, kiko wazi, na mwenye nyumba amekubali mlango upanuliwe na kizingiti kivunjwe. Humo anataka kuweka misumeno mitatu ya vimo tofauti, na kuwafundisha watu wanaofanya kazi wakiwa wameketi. Beverly ameahidi kuja kufundisha Jumamosi mbili kwa mwezi.

Cleophas amejitolea kupika.

"Watu huniulizanga nitaanza kufundisha nini, kupima ama kukata," Pascalia anasema huku akibana kipande kingine cha saiprasi juu ya sinia. "Hivyo vyote vitakuja. Siku ya kwanza tutatafuta mahali pa kukaa, kila mtu pake. Hata kama itachukua siku nzima."

Anashusha miwani machoni, na kiwiko chake kinaitafuta swichi.